Jembe la Mahari Kwenye Sumaku

Kazi yangu, kabla sijaoa, ilikuwa kuujulia hali utomvu wa mpira. Msicheke. Siku zile za Mwingereza, mtaalamu mmoja alileta Tabora mashine yenye sumaku nene kama jiwe la kusagia, akaifunga katika banda karibu na reli. Alitaka kujua utomvu hukaa muda gani kabla ya kuganda, bila kufungua chupa. Alinieleza kwamba mashine inapiga hodi, na maji yaliyomo ndani ya utomvu yanaitikia. Utomvu mzima huitikia kwa kuvuta sauti. Unaoanza kuganda, sauti hukatika upesi. Nilielewa mara moja. Ni shikamoo na marahaba tu.

Wakati huo nilikuwa nimeposa binti wa mtaa wa Cheyo. Baba wa binti hakutaka mahari ya majembe ya dukani. Alitaka lile la babu yangu, lililofuliwa kwa mkono, la sivyo hakuna harusi. Nikalifuata Igalula kwa treni. Niliporudi nilikuwa nimechelewa kazini, nikaingia nalo bandani. Likanichomoka mkononi, likaruka, likanata kwenye sumaku! Tulivuta, mimi na mtaalamu, hadi suruali yake ikachanika. Halikusogea. Nusura nilie, maana nilimpenda sana yule binti.

Ikabidi nimwite mzee, baba wa binti, aje mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jembe liko wapi?"

Nikamwonyesha. Akalivuta. Akakanyaga mashine kwa mguu, akavuta tena. Kisha akalipangusa vumbi.

"Nimelipokea," akasema. "Likae hapo hapo."

Nikaoa. Balaa likaanza mtaalamu alipoleta vijana na kamba, kwani jembe lilikuwa limeivuruga mashine, na kila chupa ilisomeka imekufa ilhali utomvu ungali unatiririka. Mkwe wangu akasimama mlangoni. Kwetu, jembe la mahari likirudishwa, ndoa imevunjika.

"Bwana, unataka kuvunja nyumba ya mwanangu kwa ajili ya maziwa ya mti?"

Vijana wakakunja kamba. Utomvu ukaganda bila kuulizwa hali, ukanuka hadi stesheni. Mwishowe mtaalamu akakata tamaa, mashine ikapakiwa kwenye behewa, jembe likiwa limenata vilevile.

Treni ilipoondoka, mke wangu alinishika mkono kwa nguvu, akamgeukia baba yake. "Baba, sasa tumeachana?"

Mzee akafikiri. "Likirudi kwa mumeo, ndiyo. Lisiporudi, nenda kampikie."

Ni miaka mingi sasa. Nikiambiwa kuna mzigo wangu stesheni, siendi.