Ufunguo Wenye Uzi Mwekundu

Fundi vitasa wa kibanda cha pili kutoka changu tulimwita Dakika Moja, na jina hilo hakupewa bure. Umejifungia nje, mtoto kajifungia chooni, ufunguo umekatikia mlangoni: anapiga magoti, anachomeka waya zake mbili, anakuuliza habari za nyumbani, na kabla hujamaliza kujibu mlango uko wazi. Sifa alizipenda, tusidanganyane. Siku hizi hakuna anayelitaja jina hilo mbele yake. Sababu alinieleza mwenyewe, ameketi kwenye kiti cha wateja wangu wa cherehani, macho chini kama mtoto aliyevunja glasi.

Polisi walikuwa wakimchukua mara kwa mara kwenda kuwafungulia milango, pamoja na mama mmoja wa kituo cha kuokoa wanyama. Watatu hao walihitajiana. Mama wa kituo anamjua mbwa mwenye njaa kwa kumtazama mbavu na fizi, lakini hana ruhusa ya kuingia kwa mtu. Askari ruhusa anayo, ila mbwa akimwonyesha meno anarudi garini. Na askari huyo hapendi kuvunja milango ya watu, ndipo anapohitajika fundi. Njiani fundi alikuwa na maneno kuliko wenzake wote. "Mtu anayefuga asichoweza kukilisha," alikuwa akisema, "afungwe mnyororo yeye." Wenzake walikuwa wakiitikia.

Asubuhi hiyo majirani walikuwa wamepiga simu kituo cha wanyama: kuna mbwa uani kwa mtu, alikuwa akibweka kutwa nzima, sasa habweki tena. Gari lilipokata kona penye duka la rangi, fundi akanyamaza. Akajiambia haiwezi kuwa nyumba ile. Ikawa ile ile.

Ilikuwa ya shangazi yake. Si shangazi wa kusalimiana harusini. Ni yule aliyemlea tangu mama yake alipofariki, aliyemwita baba kwa kuwa alirithi jina la babu. Kitasa cha mlango ule alikiweka yeye, na ufunguo wa akiba ulikuwa mkobani mwake, umefungwa uzi mwekundu asiuchanganye na mingine. Hata mbwa alimpeleka yeye, akiwa kitoto chenye miguu myeupe, wakamwita Soksi. "Atakuwa mwenzio, shangazi," alisema siku hiyo, na maana yake ilikuwa kwamba yeye hatakwenda sana. Kweli hakwenda. Ugomvi haukuwepo; ungekuwepo, angalau angekuwa na la kusingizia. Alikuwa akiahirisha tu, wiki hii kazi, wiki ijayo kazi, mpaka aibu ya kutokwenda nayo ikawa sababu ya kutokwenda.

Askari alipiga hodi, akagonga, akagonga tena. Kimya.

"Fundi, kazi kwako."

Angeweza kuutoa ule ufunguo. Mkono uliingia mkobani, vidole vikaugusa uzi. Lakini mwenye ufunguo ni mtu wa nyumba, na mtu wa nyumba alikuwa wapi muda wote huo? Akatoa waya.

Kitasa alichokiweka mwenyewe kikamtoa jasho. Waya zikateleza, akazirudisha, zikateleza tena.

"Dakika Moja," askari akamtania, "leo saa yako imekufa betri?"

"Kitasa kigumu."

Mama wa kituo alikuwa akimtazama anavyohema. "Unamfahamu mwenye nyumba?"

"Simfahamu."

Alipofika hapo katika kunisimulia, alirudia, "Nilisema simfahamu," nami nikaacha kushona.

Mlango ukafunguka. Uani walimkuta Soksi amelala ubavu, mnyororo umezama shingoni, sufuria mbele yake kavu. Alimwangalia askari, akamwangalia mama wa kituo, hakuinua hata sikio. Kisha akamwona fundi, na mkia ukaanza kupiga sakafu. Mama wa kituo akageuka kumtazama fundi.

Shangazi alikuwa chumbani, kitandani, miguu imevimba, macho yameingia ukungu.

"Nani hao?"

"Polisi, mama. Tumepiga hodi sana."

"Niliwasikia. Sauti haifiki mlangoni, na miguu haitaki tena kazi. Muuza duka hunipitishia mkate dirishani akikumbuka. Nakula nusu, nusu namtupia Soksi kwa dirisha la uani. Kumfungua siwezi, atanivuta nianguke."

"Pole, mama. Lakini mbwa ameteseka, na mwenye mbwa lazima ahojiwe kituoni. Huna ndugu wa kukusindikiza?"

"Ninaye mtoto wa kaka yangu. Ila msimsumbue, afande, ana kazi nyingi mno." Akajiinua kidogo kwenye mto, sauti ikapata nguvu. "Ni fundi vitasa. Watu wakikwama humwita, naye huenda. Hakuna anayemwita asiende."

Alikuwa akimsifu, na kwa fahari kabisa. Fundi alikuwa amesimama pale pale mlangoni pa chumba, akatamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza hata wakati huo kurudi garini kimyakimya. Macho ya shangazi yasingemwona. Lakini angemwacha ashtakiwe kwa mbwa ambaye hakumwomba.

"Mbwa ni wangu," akasema. "Nihojiwe mimi. Huyu ni shangazi yangu."

Askari alimtazama asimwelewe. Shangazi akageuza uso kuifuata sauti, akanyoosha mkono hewani.

"Baba? Ni wewe? Si niliwaambia majirani utakuja!"

Fundi akasogea, akampa mkono. Shangazi akaushika kwa mikono yote miwili, akaupapasa mpaka kwenye vidole.

"Na waya hizi za nini?" akauliza. "Si ufunguo wangu unao?"

Askari akageuka kuutazama mlango. Fundi akafungua mkoba, akautoa ule ufunguo mbele yao wote, akauweka kwenye kiganja cha shangazi. Uzi ulikuwa bado mwekundu kama siku ya kwanza, haukuwa umechakaa hata kidogo.