Minji kwenye Sinia ya Shosho

Juzi nilipita Endarasha, nikasimama pale jiko la shosho, nyanya yetu, lilipokuwa. Halipo tena, pamepandwa vitunguu. Lakini baridi ya pale ni ile ile, na ilinirudishia harufu ya minji, yaani njegere, ikichemka juu ya kuni mbichi, na moshi ukituwasha macho.

Unajua, niliacha shule mara tu tulipowazika wazazi. Kitindamimba wetu alikuwa ndiyo kwanza anatambaa, na vidole vyake vilikuwa vizito. Ukimpa kitu, kinamponyoka. Muuguzi wa kliniki aliniambia nisimlishe kwa kijiko kila wakati, nimwachie chakula laini akichezee na kukiokota mwenyewe. Shosho hakupenda. Kwake, wanaochezea chakula ni kuku. Alinung'unika, lakini sinia alinipa.

Basi kila mchana nilikaa naye sakafuni. Nilichemsha minji mpaka ikalainika kabisa, nikazibonyeza punje kwa kidole zisimkwame, nikazitawanya mbele yake. Mwanzoni alizikumba kwa kiganja chote, zikaishia kwenye nywele. Wadogo zangu wakamwita tingatinga.

Mimi sikucheka sana. Shangazi yetu wa Wang'uru alikuwa amesema mbele ya ukoo mzima kwamba atamchukua mtoto huyo, ila si kabla hajajua kujilisha, maana yeye hushinda kwenye mpunga. Kwa hiyo kila punje iliyofika mdomoni ilimsogeza kwa shangazi. Ningeweza kurudi kwenye kijiko. Sikurudi. Mikono ilikuwa yake, si yangu.

Shangazi alipokuja na mfuko wake wa mchele, alitukuta kwenye sinia. Mtoto akabana punje moja kati ya kidole gumba na kile kinachofuata, akaikagua, kisha akanyoosha mkono akaitia mdomoni mwangu.

"Ati huyu ndiye mlisema mikono imelala?" shangazi akasema. "Ako tayari. Mfungie nguo zake."

Shosho aligeukia moto, akausukuma ukuni ambao haukuhitaji kusukumwa.

Sasa mtoto yule, dada yangu, ni fundi wa kushona huko Wang'uru. Hutunga uzi kwenye sindano huku akiongea, bila hata kuangalia. Akija kunitembelea hunisalimu kwa heshima, na hukaa pale ninapomwonyesha. Nampikia minji. Tunaila kwa vijiko, kila mtu kwenye sahani yake.