Bafle za Baba Martine

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani kwa Baba Martine na hasira. Mimi Asani Kasimu ni seremala, karakana yangu haiko mbali na soko la mtaa wetu wa Kenya, na miaka ile hapakuwa na mtu Lubumbashi aliyenishinda kutengeneza bafle. Unaniletea spika tupu, naichongea sanduku la mti wa mulombwa, naipachika humo, na sauti inatoka imeshiba. Hata wenye ofisi zao mjini kati walinifuata. Sikuzoea kudharauliwa.

Aliniita nimfungie bafle mbili sebuleni. Nilimwuliza atakuwa anakaa wapi akisikiliza. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndiyo." Nikamwuliza kama bufe, lile kabati la vyombo, inaweza kusogezwa. "Ndiyo." Nikamwuliza kama bafle nizitundike ukutani au niziweke chini. "Ndiyo, ni muzuri." Nikakunja kamba yangu ya kupimia, nikaondoka. Nilisema moyoni, huyu ananiona takataka.

Na sikuwa peke yangu kusema hivyo. Alikuwa Mkasai, jina lake Zéphirin. Tangu majina ya kizungu yalipokatazwa, kitambulisho chake kilimwita Kabeya, lakini sisi wa mtaani tulimwita kwa jina la binti yake mkubwa, Martine, mwalimu huko Likasi. Alishuka kwenye treni akiwa kijana, akaajiriwa na kampuni ya shaba, akawekwa kwenye mashine ya kuponda mawe. Alisimama pale miaka ishirini na minne. Alipostaafu alihamia mtaani kwetu Kenya na mkewe, Hortense, na haikuchukua muda majirani wakaona kwamba wale wawili hawasemezani. Walikula pamoja, walikwenda misa pamoja, na mdomo hakuna aliyefungua. Wengi walisema ni kiburi cha mwanamume. Hortense alipokufa, baada ya kuugua wiki tatu tu, nilikwenda kilioni, nikamwona mumewe amekaa kwenye kiti, macho makavu, watu wakimpa pole naye akiitikia kwa kichwa. Nami nilisema kiburi.

Hiyo ilikuwa miezi mitano kabla hajaniita. Nilirudi mara ya pili kwa sababu masanduku yalikuwa yamekwisha kuchongwa. Yeye alikaa akitazama dirisha, mimi nyuma yake. Sanduku moja likaniponyoka, likaanguka kwenye sementi. Mulombwa si mti mwepesi. Vikombe vyote vya bufe vililia, na mimi mwenyewe niliruka. Baba Martine hakugeuka, hata bega halikutikisika.

Nilizunguka, nikasimama mbele yake, nikapaza sauti. "Baba Martine, unanisikia?"

Alinitazama mdomo. Kisha akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Masikio yangu ilikufa," alisema. "Ni ile mashine. Sikuambia mutu. Ku kazi niliogopa batanitosha, batanifukuza. Ku nyumba niliona haya. Nilikuwa naitika tu."

Alisema hivyo kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Niliona haya mimi. Nilikuwa nimemnunia mtu kwa sababu hasikii, na kilioni nilikuwa nimemsema.

Akatoa kaseti mfukoni. Miaka ile watu wa Kasai walikuwa wakitumiana barua kwa kaseti: unasema mbele ya radio ya kaseti, unampa msafiri wa treni, ndugu wanakusikia kule. Hii Hortense aliisema kwa ajili ya dada yake wa Kananga, kabla hajazidiwa, na haikupata msafiri. Mumewe aliikuta katikati ya vitenge vyake.

"Minataka kuyua kintu kimoja," alisema. "Hortense aliyua kama siskie? Ao alizani niko namuzarau? Alikufa na kasirani yangu?" Yaani, kama mkewe alijua kwamba hasikii, au alikufa na hasira juu yake.

Nilimwambia, kwa kupiga kelele, ampe Martine asikilize.

"Mutoto hawezi kuingia mu mambo ya mama yake na baba yake."

"Na Bijou?" Bijou ni jirani yake wa upande wa kulia, Mkasai mwenzake, nyumba zao zimeshikana.

"Bijou eko na kinywa. Weye hausikie Tshiluba, luga yetu. Njo maana nilikuita weye."

Kumbe sifa zangu zote za kazi hazikuwa na maana kwake. Aliniita kwa ajili ya lugha nisiyoijua. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimwahidi kwamba atasikia yeye peke yake.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoharibu. Kwa kawaida bafle mbili na msikilizaji wanakaa kama mafiga matatu, umbali uwe sawa, na bafle usizisukume pembeni, maana pembe inaivimbisha sauti. Lakini sebule ile ilikuwa hatua nne kwa tatu, na ndani yake viti vinne vya fotei vyenye vitambaa vya kufuma, meza, na ile bufe. Tena masikio yenyewe yalikuwa yale. Kwa hiyo niliamua kiti kimoja kiegemee ukuta, na bafle zitundikwe kushoto na kulia kwa kichwa chake, zimemgeukia, mkono mmoja tu kutoka sikioni. Hapo sauti haihitaji kuwa kubwa sana.

Ukuta gani, hiyo ndiyo ilikuwa shida. Kuta tatu zilikuwa za matofali ya udongo mabichi. Nilitoboa, nikagonga kijiti cha kushikia skrubu, kikatoka na donge la udongo. Nikajaribu wa pili, vilevile. Ukuta mmoja tu ulikuwa wa bloki za sementi, nao ndio ule wa Bijou. Najua, na nilijua siku ile, kwamba sanduku ukilifunga kwenye ukuta, ukuta nao unasema. Ningeweza kuziweka juu ya viti viwili, kazi ingekwisha. Lakini bafle za Asani juu ya viti, kama masufuria? Nilikata vipande vya mpira wa gurudumu, nikaviweka kati ya mbao na ukuta, nikaegemeza godoro nyuma ya kiti, nikajiambia inatosha. Zilikaa sawasawa, nilizipima mara mbili. Zilipendeza.

Tulichagua Jumamosi asubuhi, saa za salongo, ile kazi ya umma ya lazima, mtaa mzima ukiwa umetolewa kwenda kuzibua mitaro. Mzee alikuwa amesamehewa kwa umri. Mimi nilidanganya kwamba nina meza ya kumaliza kwa kiongozi mmoja wa chama. Tulifunga dirisha. Alikaa, akaweka mikono juu ya magoti, nami nikaingiza kaseti kwenye radio niliyoiunganisha na bafle.

Sauti ya Hortense ilijaza chumba. Sikuelewa neno, ila jina la Martine, na baadaye Zéphirin, tena Zéphirin. Nilimtazama mzee. Uso wake ulikuwa uleule wa kilioni.

"Unasikia?" nilimwuliza kwa mkono.

"Minasikia kama kuko mutu anasema. Maneno siskie."

Niliongeza sauti. Akatikisa kichwa. Niliongeza tena, mpaka vikombe vya bufe vikaanza kulia. Akageuza shingo, akabandika sikio kwenye sanduku lenyewe, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akafumbua, akasema, "Hapana," akarudisha mikono kwenye magoti.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bijou, na mikono ya sabuni. Alikuwa amesingizia homa ili akwepe salongo, kumbe anafua. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Nilirukia kuzima.

"Acha," alisema. "Acha amalize. Ile ukuta yote iko inasema."

Tulisimama mpaka upande ule wa kaseti ukaisha. Baba Martine alikuwa amemwona, na hakumfukuza. Alimwuliza tu, "Anasema nini?"

Bijou akapiga magoti mbele ya kiti, akaweka mdomo mbele ya macho yake, akapiga kelele. Nami nilisikia yote, kwa Kiswahili, lugha ambayo mzee alizoea kuisoma midomoni kule kazini.

"Kwanza anasema bei ya unga! Na kitenge yenye dada yake alimutumia! Kisha anasema weye! Anasema, bwana yangu hasikie tena, na hapendi niyue! Nikimusemesha mbele ya bageni anaitika vibaya, bantu banacheka, eko anaona haya! Njo maana nilinyamaza! Anasema, afazali bantu baseme tuko tunagombana!"

Baba Martine alimtazama mdomo, kisha macho.

"Kasirani?"

"Hapana! Hakuna kasirani!"

"Aliyua tangu wakati gani?"

"Tangu ubatizo ya mutoto ya Martine!"

Nilingoja alie. Nilitaka alie, maana mimi nilikuwa nimeshageukia ukuta kuficha machozi, nikijifanya nakaza skrubu. Yeye alikunja vidole kimoja kimoja, polepole, akafika cha nne. Nje watu walikuwa wameanza kurudi na majembe, na wale wa karibu walikuwa wamesimama mbele ya mlango ulioachwa wazi.

"Myaka ine," alisema. "Basi tulikuwa tunaweza kusemezana."

Alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wasiosikia, na pale nje wale waliosema ni kiburi walimsikia.