Kiota Kwenye Kangaga

Kulikuwa na ndege mdogo wa rangi ya kahawia aliyeishi kwenye vichaka vya kangaga, pale msitu ulipoishia juu ya shamba letu, upande wa Nyeri. Watu walimsikia tu. Ukiufuata wimbo wake ananyamaza, anapita chini kwa chini kama panya, kisha unamsikia nyuma yako. Mama alikuwa amemwona mara mbili maishani, na alijivunia hilo.

Serikali ya wakoloni ilipotangaza hali ya hatari, nyumba yetu ilichomwa na askari, tukahamishiwa kijiji kipya kilichozungushiwa handaki. Baba alikuwa ameshakamatwa Nanyuki, alikokuwa mpishi. Kila asubuhi wanawake na watoto wakubwa tulitolewa kufyeka ukingo wa msitu, ili wapiganaji waliokuwa msituni wakose pa kujificha. Mama alifyeka akiwa na mdogo wangu mgongoni.

Siku moja akashusha panga lake taratibu. "Njoo uone," akaninong'oneza. Katikati ya kangaga palikuwa na kiota, na ndani yake vifaranga ambao hawajaota manyoya, midomo wazi. Akakiruka kichaka kile, akaendelea kufyeka mbele.

Homugadi aliyetusimamia na bunduki ya serikali alikuwa jirani yetu wa zamani. Mama ndiye aliyemzalisha mkewe.

"Hii umeachia nani?" akamuuliza Mama.

"Ni kiota tu, baba. Angalia mwenyewe."

"Ati kiota! Unawaachia watu wa msitu mahali pa kulala."

Hakuangalia. Alikanyagakanyaga pale kwa buti mpaka kangaga zikalala chini. Mama akapiga yowe, na nadhani yowe hilo ndilo lililomponza, kwa sababu ofisa wa homugadi alikuja mbio, akaelezwa na jirani yetu mambo yasiyokuwapo, akaamuru Mama apakiwe kwenye lori. Mama alifungua mbeleko, akanipa mtoto.

"Uji wake usiwe wa moto sana," akaniambia.

Shangazi ndiye aliyetulea. Mama aliporudi kutoka kizuizini, mtoto alikuwa ameshaanza kukimbia. Mama alikuwa amenyolewa.

"Huyu ndiye mama yako," shangazi akamwambia mtoto, akimsukuma mbele.

Mtoto akapiga kelele, akajificha kwenye nguo za shangazi, akimwita yeye mama.

"Mwacheni," Mama akasema. "Msimlazimishe."

Akaketi kizingitini, akauliza kama kuna maji ya kunywa.