Jepkoech na Jiwe Lililoguswa

Jepkoech alifika Jeddah kufanya kazi ya kukodisha viatu vya kuteleza katika uwanja wa barafu wa jumba moja la maduka. Alikaa mtaa wa Sharafiya, katika chumba kilicho juu ya duka la simu. Klabu ya akina mama wanaotelezesha mawe ilipokosa mtu wa kuwabebea mawe yao, alijitolea. Alibeba, akatazama, akauliza, akafanya mitihani ya ukocha, mpaka klabu ya Riyadh ikamwita na kumkabidhi timu.

Nyumbani walimcheka. "Wewe Mkalenjini mzima, umeacha kukimbia ukafundishe watu kusugua barafu?"

"Kukimbia mko wengi," akawajibu.

Mchezo wenyewe ni huu: mmoja analisukuma jiwe zito juu ya barafu, wenzake wanasugua mbele yake kwa brashi ili lifike mbali, na jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha duara ndilo lenye ushindi. Jiwe linalotembea haliguswi. Ukiligusa, unasema mwenyewe.

Mwaka ule ikama yake, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, ilikuwa ukingoni kuisha. Bosi wa klabu, Abu Turki, hakuzunguka. "Leta kombe, mkataba unaendelea. Mafi kombe, rudi kwenu."

Fainali walikutana na akina mama wale wale wa Jeddah. Jiwe la mwisho la mchezo lilikuwa la Riyadh. Lilikuja polepole, mchezaji wake Hanouf ameliinamia akisugua, na ncha ya mtandio wake ikachomoka shingoni, ikalipapasa. Mwenyewe hakuhisi. Jiwe likalala katikati ya duara, wasichana wakarukiana kwa vigelegele.

Aliyeona ni Jepkoech peke yake. Dunia imejaa watu wanaoona na kunyamaza, kisha wakala wakalala usingizi mzuri. Waliodhulumiwa wanawajua kwa majina. Jepkoech alisimama, akamwita mwamuzi.

"Limeguswa. Ni mtandio."

"Kocha, una wazimu?" Hanouf alilia. "Nani kaona?"

"Mimi, binti yangu."

Kwa sheria, Sawsan, kapteni wa Jeddah, angeweza kuliacha jiwe au kuliondoa. Akalisukuma pembeni. Kombe likaenda Jeddah.

"Halas, mkataba umekwisha," alisema Abu Turki.

"Halas, bosi."

Desturi ya mchezo huu, walioshinda huwaandalia chai walioshindwa. Jepkoech alitaka kujiendea zake, lakini Hanouf, macho mekundu, alimvutia kiti. Sawsan akamimina.

"Sisi hatuna kocha tangu Ramadhani," alisema.

"Nikiona, nasema," Jepkoech akamwambia. "Hata likiwa lenu."

"Likiwa langu, sema taratibu," Sawsan akacheka.

Ikama ikahamishwa kwa kafili mpya, mdhamini wa klabu ya Jeddah. Siku ya safari Hanouf ndiye aliyembebea sanduku hadi kwenye basi la Jeddah, akinung'unika njia nzima.