Siku Nne Maji Yalipokosa Harufu

Nilipopewa kazi ya kuendesha mtambo wa maji kijijini kwetu, upande wa Kisaka, Serengeti, watu wengi walidhani barua imekosewa. Mimi ni mzaliwa wa Susuni, si wa pale, nilikuja Serengeti kwa kuolewa, na hatukuwa tumemaliza hata mwaka tangu tuhamishiwe kijiji kipya. Lakini nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na kwa wakati ule hilo lilitosha.

Mtambo ulikuwa na injini ya dizeli iliyovuta maji kutoka lamboni, yakachujwa kwenye mchanga, kisha yakapanda hadi tangi la kilimani. Kando ya injini palikuwa na pampu ndogo, kubwa kidogo kuliko sufuria ya maharage. Kazi yake ilikuwa kunyonya dawa ya klorini kutoka kwenye pipa na kuiingiza ndani ya bomba kubwa, kidogo kidogo, kutwa nzima.

Fundi wa wilaya alikaa nami siku mbili. Alinionyesha kisanduku cha ukutani chenye taa tatu na kengele.

"Kijani, pampu ya dawa inafanya kazi," alisema. "Njano, dawa imepungua kwenye pipa, ongeza. Nyekundu, mota imezidiwa ikajizima. Iache ipoe, halafu bonyeza hapa. Kengele ikilia, tazama taa. Isipolia, endelea na shughuli zako."

Niliyashika maneno hayo kama katekisimu. Baada ya miezi michache nilikuwa nikisikia kengele nikiwa lamboni, na kabla sijafika nimeshajua ni njano au nyekundu, kwa sababu nyekundu ilikuja jua likiwa kali na njano ilikuja asubuhi.

Watu hawakuyapenda maji yangu. Walisema yananuka zahanati. Mama mkwe ndiye aliyeyachukia kuliko wote. Aliagiza aletewe maji ya kijitoni kwa ajili ya uji wake, na kila nilipomwamkia shikamoo alinijibu marahaba, kisha akaongeza, "Na hayo maji yako bado yananuka?" Nilicheka, lakini moyoni iliniuma. Nilikuwa mgeni katika nyumba ile, na kazi yangu ndiyo kitu pekee nilichotaka anisifie.

Mvua za masika zikaja na lambo likawa rangi ya chai ya maziwa. Jumatatu moja nilichelewa kufika. Unga wa klorini ulitakiwa kukorogwa kwenye ndoo, uachwe mpaka chokaa yake itulie chini, ndipo maji ya juu yamiminwe kwenye pipa. Siku hiyo sikungoja. Nilikoroga na kumimina yote, nikawasha injini. Taa ya kijani ikawaka, kengele ikanyamaza.

Jumanne niliona pipa bado limejaa. Nakumbuka vizuri nilivyojisikia: nilifurahi. Unga ule ulinichoma macho na koo, na siku bila kuukoroga ilikuwa siku ya raha. Nilitazama taa. Kijani. Nikaenda kuchuma mboga.

Jumatano jioni mama mkwe alikunywa kibuyu kizima cha maji ya bomba, akajifuta mdomo.

"Leo umetuletea maji matamu, mwanangu," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Nililala nikiwa na furaha.

Alhamisi asubuhi, baada ya kuwasha injini, nilipita bombani, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakanisifu pia. Mmoja akasema, "Sasa umejifunza kazi. Harufu imekwisha kabisa." Nilitembea hatua chache kurudi mtamboni, nikasimama. Harufu ilikuwa ni dawa. Kama hakuna harufu, dawa imekwenda wapi?

Nilikimbia. Kijani ilikuwa inawaka. Pampu ilikuwa inagonga kama kawaida, tak, tak, tak. Pipa lilikuwa limejaa vilevile. Nikavuta mpira wa kunyonyea dawa kutoka ndani ya pipa, nikakuta kichujio kilicho mwishoni mwake kimefunikwa na chokaa nyeupe, ngumu kama ganda la yai. Pampu ilikuwa inahangaika siku nne bila kuvuta hata tone. Njano haikuwaka kwa sababu dawa haikupungua. Nyekundu haikuwaka kwa sababu mota haikuchoka.

Nilizima injini na kufunga bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi. Kabla sijamaliza kukwangua kile kichujio, mwenyekiti wa kijiji alifika, wanawake wakiwa nyuma yake na ndoo tupu.

"Ndugu, kengele imelia?" aliuliza.

"Haikulia, ndugu mwenyekiti."

"Taa nyekundu?"

"Haikuwaka."

"Basi umefunga maji kwa nini?"

"Kengele inaangalia mota na pipa tu. Haiangalii kama dawa inapita. Haya maji mliyosema ni matamu ni maji ya lambo. Ng'ombe wanakunywa humo humo. Kamwageni mliyo nayo, au myachemshe."

Watu wakaguna. Mtu mmoja akasema nimetafuta njia ya kurudisha harufu yangu. Mama mkwe alikuwa katikati yao. Aligeuka kwenda nyumbani. Baadaye nilisikia amemwaga mitungi yake yote mitatu mbele ya majirani.

Fundi alikuja baada ya wiki mbili. Nilimweleza yote, hata lile la kutongoja chokaa itulie. Alifungua kisanduku, akafuata nyaya kwa kidole, akasimama.

"Ni kweli," alisema. "Kengele imefungwa kwenye mota na kwenye pipa tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikuwahi kujiuliza," alijibu, na nikaona ameaibika. Tangu hapo nilichora mistari ya mkaa kwenye pipa nikawa nahakikisha dawa inashuka kila saa.

Wiki ile ile maji yalipokosa dawa, mtoto wa jirani yetu alikuwa ameharisha. Walimpeleka zahanati, akarudi akiwa dhaifu lakini mzima. Inawezekana ni maji. Inawezekana ni kitu kingine, maana watoto wengi waliharisha kila masika, hata kabla ya bomba. Niliahirisha kwenda pale kwa siku nyingi. Nilipokwenda, nilimkuta mama yake anapepeta ulezi, mtoto amekaa kwenye mkeka.

"Siku zile mashine haikutia dawa," nilimwambia. "Kosa lilikuwa langu. Niliona pipa limejaa nikafurahi."

Aliendelea kupepeta.

"Ungeweza kunyamaza," alisema. "Hakuna ambaye angejua."

Kisha akanisogezea ungo wa pili, nikakaa, tukamaliza ule ulezi pamoja.