Mlango Uliobaki Mkononi mwa Mkwe

Mkunga yule alikuwa amestaafu, lakini gari lake lilikataa kustaafu. Lilikuwa gari la zamani, lenye mgongo wa mviringo kama kobe, na alilinunua enzi za ujana wake, alipokuwa akiitwa mchana na usiku kwenda kuzalisha. Watu wengi wa mtaa ule waliwahi kupanda gari hilo kabla hawajazaliwa. Hata askari wa barabarani walipolisimamisha, walianza na "Shikamoo bibi", kisha wakasahau walichotaka kuuliza.

Tatizo lilikuwa mlango wa mbele, upande wa abiria. Kuufunga kulikuwa na kanuni zake: unaunyanyua kwa mikono miwili kama unayeepua sufuria, unausukuma, halafu unaumalizia kwa nyonga; na ukiufungua, unautegemeza kwa goti usiiname. Mumewe, kinyozi mwenye kibanda hapo jirani, alishazoea mno, hata mlango wa chumbani akawa anausukuma kwa nyonga. Kila aliposema gari lipelekwe kwa fundi, alijibiwa, "Mume wangu, goti lako nalo linalia ukipanda ngazi, mbona sijakupeleka kwa fundi?"

Basi binti yao akaja kwao kujifungua mtoto wa kwanza, na mama wa mume wake akafunga safari kuja kumwona mjukuu. Mama huyo alikuwa mtu wa heshima zake, mwenye kuongea kwa kipimo na kutembea kama aliyejitwika maji. Yeye na mkunga waliitana "mkwe" kwa adabu nyingi, ile adabu ya watu ambao bado hawajuani. Mkunga alikwenda kumpokea stendi. Alilisugua gari hadi likang'aa, akasahau jambo moja tu: kumweleza mgeni kanuni za mlango.

Mkwe alishika mpini, akavuta. Mlango ukafunguka, ukainama, ukaguna kama mtu anayeamka na mgongo mbovu, kisha ukaachana kabisa na gari. Mkwe akabaki amesimama nao mkononi, kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake.

"Mkwe," alisema taratibu, "huu niuweke wapi?"

"Nyuma, mkwe wangu. Ulaze tu kwenye kiti."

Wakasaidiana kuulaza juu ya mabegi. Mkunga akaendesha polepole, na mgeni wake kando, mkono mmoja umeshika kiti, mwingine umeshika kilemba, barabara ikimpita ubavuni. Watu waliwapungia. Mkwe, kwa kuwa hakuwa na mkono wa ziada, aliwajibu kwa kichwa. Nyumbani, kinyozi alipowaona alikimbilia jikoni, na kupitia dirishani mabega yake yalionekana yakitikisika.

Wakati wa chakula kila mmoja aliinamia sahani yake. Mwisho mkwe akafuta midomo, akasema, "Gari lenu lina hewa nzuri." Hapo binti, na mtoto wake kifuani, akashindwa kujizuia, na meza nzima ikamfuata. Mkwe alitabasamu kidogo tu, kwa kipimo kilekile.

Asubuhi mkunga alijiandaa kwenda karakana, na mkwe naye akavaa viatu. "Mimi ndiye niliyeung'oa," alisema. "Siwezi kukaa nakunywa chai na mlango wa watu umeng'oka mikononi mwangu."

Fundi alikuwa pande la mtu, mchache wa maneno. Aliziangalia bawaba. Pini ya juu ilikuwa imekatika, ya chini imelika hadi kuwa nyembamba kama sabuni ya mwisho wa mwezi, nusu yake imeng'ang'ania ndani. Matundu yaliyokuwa duara yalikuwa sasa na umbo la yai.

"Mama, mlango huu ulikuwa unabeba nini?"

Mkunga akafikiri. "Wajawazito. Kila aliyepanda aliuegemea, na aliyeshuka aliuegemea zaidi."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la maana. Akaeleza atakavyofanya: atayachonga matundu yawe duara tena, atapachika bushi za shaba, yaani vikuku vya kuishikilia pini isichezecheze, na kukereza pini mpya, nene kidogo. Ila kwanza kile kipande cha pini kitoke. Akakigonga kwa nyundo. Hakikusogea. Akagonga tena, akikisemesha maneno mabaya chini kwa chini.

Mkunga hakuweza kuvumilia. "Mwanangu, usikigombeze. Kitie oili, kipashe moto kidogo, ukiache. Kikiwa tayari kitakuja."

"Loo," mkwe akasema, "mimi mkunga wangu alinigombeza mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia kama ana haraka sana, alale yeye kitandani nimzalishe."

Mkunga alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Wakati oili inapenya, wakakaa juu ya tairi kuukuu na kusimuliana, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Baadaye fundi akapasha moto, akagonga kidogo, na kipande kikateleza, kikaanguka sakafuni.

"Wa kike au wa kiume?" mkwe akauliza.

Fundi, ambaye hakuwa amecheka tangu asubuhi, ilibidi aweke nyundo chini.

Alitengeneza na kitasa, maana ulimi wake ulikuwa umelika. Aliuongezea chuma kwa kuchomelea, akaupiga tupa. Wakati wa kuupachika mlango, wakwe wawili waliuinua, mmoja kila upande, fundi akilenga pini. Kinyozi alifika, akasimama mbali, akafumba jicho moja.

"Juu umebana, chini umeachia," alisema. "Kama ndevu za pembeni zilizonyolewa gizani."

Fundi akapima, akakuta ni kweli. Akalegeza, akatia kipande chembamba cha bati nyuma ya bawaba ya chini, akakaza. Kinyozi akatazama tena, akasema sasa mteja anaweza kutoka mbele za watu.

Mkwe akaambiwa aufunge. Aliusukuma kwa kidole, na mlango ukajifunga kwa kishindo kidogo, laini. Akaufungua, akaufunga tena. Gauni lake lilikuwa na grisi kifuani, kilemba kimehamia sikioni, naye hakujali.

Siku zilizofuata hawakukaa nyumbani. Walimpeleka mtoto kupimwa uzito, walikwenda sokoni, na mara nyingine walitoka bila sababu. Siku ya mkwe kuondoka, wakiwa njiani kuelekea stendi, alisema, "Pita kwanza pale kiwanjani. Nataka nijaribu kuliendesha kidogo tu."

Gari liliruka kama chura, likazima, likaruka tena. Walicheka hadi machozi yakawatoka. Walipofika stendi, walikuta wachuuzi tu.

Kinyozi alikuwa akimnyoa mteja alipoliona gari linarudi, mabegi yote ndani. Akatoka na wembe mkononi.

"Mmesahau nini?"

"Sisi hatujasahau kitu, mkwe wangu," mkwe akajibu akishuka. "Basi ndilo lililotusahau."